Toeni Viendelezi Kwenye Kompyuta za Saiba!



Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na vile vidude vinavyokaa juu ya kivinjari, upande wa kulia wa mstari wa anwani, vinavyoitwa viendelezi. Na hasa nagombana na wanaoviacha vikae kwenye kompyuta zinazotumiwa na kila mtu, yaani saiba zetu za kisiwani Mombasa, kuanzia Kibokoni na Ndia Kuu ndani ya Mji wa Kale mpaka Digo Road na Moi Avenue.

Nasema hoja yangu mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kompyuta ya saiba haifai kuwa na kiendelezi hata kimoja, isipokuwa kile cha kuzuia matangazo, tena kilichochaguliwa na mwenye saiba mwenyewe akijua anachokifanya. Kingine chochote ni sawa na mtu asiyejulikana aliyesimama nyuma ya mteja, akisoma kila herufi anayoandika. Na mwenye saiba anayekiacha hapo amemfungulia mtu huyo mlango, hata kama hamjui.

Maneno makali? Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

NANI ANAKAA KWENYE KITI KILE?

Kuna wanaosema saiba zimekufa kwa kuwa kila mtu ana simu. Waje Mombasa wiki ya mwisho ya Juni, siku za kuelekea tarehe 30 ambayo ni mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA. Watakuta viti vimejaa na watu wamesimama mlangoni. Simu ipo, lakini kujaza iTax kwenye kioo kidogo ni adhabu, na anayetaka printa na skana hawezi kuzipata mfukoni mwake.

Anayekaa kwenye kiti kile ni nani? Ni mama wa duka la vitambaa wa Mtaa wa Biashara aliyekuja na PIN yake ya KRA kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni kijana anayeomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Ni mwanafunzi wa mkopo wa HELB. Ni dada anayeomba pasipoti kwa sababu amepata kazi Ghuba. Ni karani wa wakala wa kutoa mizigo Kilindini ambaye umeme umekatika ofisini kwake.

Hesabu wewe mwenyewe vitu vinavyopita kwenye kibodi moja kwa siku moja: nambari za vitambulisho, maneno ya siri, nambari za simu, majina ya wazazi, tarehe za kuzaliwa, mishahara, picha za pasipoti, barua pepe. Watu wengi hata hawaandiki wenyewe. Wanamtajia kijana wa zamu kwa sauti, naye anawaandikia. Hakuna chumba kingine mjini, ukiondoa benki na hospitali, kinachopitisha siri nyingi za watu kiasi hicho. Tena benki ina askari mlangoni.

Sasa basi. Kila ninapokaa kwenye kompyuta ya saiba, jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika chrome://extensions kwenye mstari wa anwani. Ni mazoea ya kazi tu, kama fundi wa magari anayesikiliza injini ya matatu aliyopanda. Ninachokuta ni kilekile siku zote: kiendelezi cha kushusha video, cha kugeuza PDF kuwa Word, cha VPN ya bure, cha kuponi za maduka ya Marekani ambayo mteja wa Kibokoni hajawahi kununua chochote, na kimoja viwili visivyo na jina la kueleweka. Nikimuuliza kijana wa zamu aliyeviweka ni nani, jibu ni moja: "Sijui kaka, nilivikuta."

Nilivikuta! Ungekuta mtu humjui amekaa nyuma ya kaunta ya duka lako, ungesema "nilimkuta" kisha uendelee kuuza?

TULIANZA NA PLAGINI

Tuweke maneno sawa kwanza, maana watu wanachanganya plagini na kiendelezi.

Plagini, au programu-jalizi kama wanavyoiita wengine, ni kitu cha zamani. Netscape ndiyo iliyofungua mlango huo katikati ya miaka ya 1990. Kivinjari cha wakati ule kilijua maandishi na picha, basi. Ukitaka katuni na michezo ulichomeka Flash, ukitaka programu ndogondogo ndani ya ukurasa ulichomeka Java, ukitaka kusikiliza redio ulichomeka RealPlayer. Kila moja ilikuwa programu kamili ya kompyuta iliyoandikwa nje ya kivinjari, na iliendeshwa kwa haki zilezile za mtu aliyekaa kwenye kiti. Tundu kwenye Flash lilikuwa tundu kwenye kompyuta nzima.

Na matundu yalikuwa mengi. Januari 2013 serikali ya Marekani iliwashauri watu wazime Java kwenye vivinjari vyao. Julai 2015 Mozilla ilizuia Flash ndani ya Firefox kwa muda, baada ya matundu mapya kufichuka. Septemba 2015 Chrome ikafunga kabisa mlango wa plagini za mtindo wa Netscape, Firefox ikafuata Machi 2017 ikibakiza Flash peke yake. Adobe wenyewe waliizika Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa inakataa hata kucheza.

Waliojenga juu yake waliumia. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa na fomu za kodi zilizotegemea Flash. Flash ilipozimwa, Januari 2021, ilibidi watoe kivinjari chao wenyewe chenye Flash ndani, ili walipa kodi waweze kuendelea kujaza fomu. Fikiria hilo: ofisi ya kodi inasambaza kivinjari kwa sababu ya plagini iliyokufa! Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kasi kuliko wengi, ilikaa miaka mingi ikiwafunga wateja wa benki kwenye Internet Explorer, kwa sababu usalama wa malipo uliwekwa juu ya ActiveX ya Microsoft.

Kwetu Kenya, iTax haikutumia Flash. Ilitumia fomu ya Excel yenye makro ndani yake, na maelekezo yakamwambia mlipa kodi aruhusu makro zifanye kazi ndipo fomu ikubali kukaguliwa. Si plagini, lakini somo ambalo mwananchi analipata ni lilelile: ukiona onyo la usalama, bofya "Ruhusu" usonge mbele.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Plagini zimekufa. Tabia zilizotufundisha haijafa. Kwa miaka 20 tuliambiwa "sakinisha hiki kwanza ndipo ukurasa ufunguke", na vidole vyetu vikazoea kubofya Kubali, Kubali, Maliza. Kisha viendelezi vikaja vikakuta vidole viko tayari.

KIENDELEZI NI MGENI ALIYEINGIA NDANI

Kiendelezi ni kitu kingine. Kimeandikwa kwa lugha zilezile za kurasa za tovuti, yaani HTML na JavaScript, pamoja na faili moja ya maelezo inayoorodhesha ruhusa kinazozitaka. Firefox ilivipa umaarufu tangu 2004, na Chrome ikaanza kuvipokea rasmi Januari 2010. Kiendelezi hakigusi faili za kompyuta kwa urahisi kama plagini ilivyofanya. Kwa hiyo watu wakapumua, wakasema sasa tuko salama.

Salama wapi? Siku hizi ni nani anaweka siri zake kwenye faili za kompyuta ya saiba? Siri zote zimehamia ndani ya kurasa: iTax, eCitizen, barua pepe, benki. Na kurasa ndizo kiendelezi kinazozisoma.

Nitawaeleza kwa nyumba za kwetu. Nyumba ya Mji wa Kale ina baraza nje. Mgeni akija, hata usiyemjua, anakaribishwa barazani, anapewa kahawa, mnazungumza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini haingii ndani. Haoni wanavyokaa watu wa ndani, wala hasikii wanachozungumza jikoni.

Kivinjari kimejengwa hivyohivyo. Kila tovuti ina baraza yake. Ukurasa wa habari uliofungua kwenye kichupo kimoja hauwezi kuchungulia kichupo cha pili chenye benki yako. Tovuti moja haisomi ya nyingine. Kanuni hii ina umri sawa na plagini, na ndiyo nguzo ya usalama wote wa wavuti. Ikivunjwa, hakuna kilichobaki.

Kiendelezi chenye ruhusa pana hakikai barazani. Kimepewa funguo za vyumba vyote. Chrome yenyewe inakwambia waziwazi wakati wa kusakinisha: kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Soma tena maneno hayo taratibu. Kusoma. Na kubadilisha. Data yote. Tovuti zote.

Mimi hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nawaambia bila kuficha: kwa ruhusa hiyo, kusoma kilichoandikwa kwenye sanduku la nenosiri na kukituma kwenye seva ya mbali hakuhitaji ufundi wowote mkubwa. Ni mistari michache ya JavaScript. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza.

"Lakini kuna lile kufuli kwenye anwani!" Ndiyo, lipo. Kufuli lile linalinda safari ya data kutoka kwenye kivinjari mpaka kwenye seva. Kiendelezi kiko ndani ya kivinjari. Kinasoma kabla data haijafungwa na baada ya kufunguliwa. Ni kama kufunga bahasha kwa gundi kali huku mtu amekaa begani mwako ulipokuwa unaandika barua.

"Lakini mimi hutumiwa nambari ya siri kwenye simu kila ninapoingia!" Vizuri, endelea hivyo. Lakini ukishaingia, tovuti inakupa kuki inayokutambulisha ili usiulizwe nenosiri kila ukurasa. Kiendelezi kinachoweza kunakili kuki hiyo hakina haja ya nenosiri lako wala nambari ya simu. Umekwisha kukifungulia wewe mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

SI HADITHI ZA KUTISHANA

Wapo watakaosema natia chumvi. Basi tutazame yaliyotokea, kwa tarehe zake.

2015: Hola, kiendelezi cha VPN ya bure kilichopendwa duniani kote, kiligundulika kuwa kinauza njia ya intaneti ya watumiaji wake kupitia huduma iliyoitwa Luminati. Yaani mtu mwingine, nchi nyingine, anapita kwenye laini yako, na alama zinazobaki ni zako. Kwa mwenye saiba anayelipia intaneti, huo ni wizi wa moja kwa moja.

2018: Stylish, cha kubadilisha rangi na sura za tovuti, chenye watumiaji zaidi ya milioni 2, kiligundulika kinatuma historia yote ya kurasa wanazotembelea watu. Kilikuwa kizuri hapo mwanzo. Kilibadilika baada ya kubadilisha mmiliki.

2019: Mtafiti Sam Jadali alifichua viendelezi 8, vingine kwenye Chrome na vingine kwenye Firefox, vilivyokuwa vinakusanya viungo vya kurasa za mamilioni ya watu na kuvifikisha kwenye kampuni iliyokuwa ikiviuza. Miongoni mwa vilivyopatikana humo kulikuwa na viungo vya ritani za kodi za watu. Ritani za kodi! Kitu kilekile ambacho yule mama wa vitambaa amekuja kukijaza.

2021: Februari, Google iliondoa The Great Suspender, chenye watumiaji karibu milioni 2, kwa kuwa na msimbo mbaya ndani. Kiliuzwa Juni 2020 na aliyekiandika kwa mtu asiyefahamika. Watumiaji hawakuulizwa kitu. Kilijisasisha kimyakimya, kama vinavyofanya vyote.

2024: Februari, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiambia Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza historia za watu zilizokusanywa na programu na viendelezi vyake. Avast ni kampuni ya kuzuia virusi! Uliyemwajiri kuwa mlinzi ndiye aliyekuwa akiandika nani anaingia na nani anatoka.

2024 tena: siku ya mkesha wa Krismasi, mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, alidanganywa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Chrome. Wezi wakapata njia ya kuweka toleo jipya la kiendelezi cha kampuni hiyo, likawafikia watumiaji wenyewe kwa wenyewe, likaanza kuiba kuki. Viendelezi vingine vingi vilipatwa na mkasa huohuo.

Angalieni kinachofanana katika mengi ya hayo. Kiendelezi kilikuwa halali siku kiliposakinishwa. Ubaya ulikuja baadaye, kwa kuuzwa, kwa kuibwa au kwa tamaa ya mwenyewe. Kwa hiyo jibu la "nilikikagua nilipokiweka" halisaidii. Ulikagua mtu wa jana, leo amekaa mwingine kwenye kiti chake.

Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na ikazimika, nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki. Shambulio la namna ile linaonekana na kila mtu. Hili ninalolisema halizimi kitu. Kompyuta inafanya kazi vizuri, mteja analipa, anaenda zake, na hakuna anayejua.

VINAFIKAJE HUMO?

Njia ni tatu, na zote nazijua kwa kuziona.

Ya kwanza ni mteja. Anataka kushusha video, anasakinisha kiendelezi, anamaliza, anaondoka. Kiendelezi kinabaki na mteja wa pili.

Ya pili ni ya kijanja zaidi. Mteja anaingia kwenye akaunti yake ya Google ndani ya Chrome na kukubali usawazishaji. Hapo viendelezi vyake vyote vya nyumbani vinashuka kwenye kompyuta ya saiba. Asipojiondoa vizuri, vinakaa. Na ya kwake yanakaa pia, maana maneno ya siri aliyohifadhi yamekuja pamoja.

Ya tatu ni mafundi. Hapa nawasema wenzangu. Fundi anaitwa kuweka Windows upya, anachukua "furushi" lake la flashi lenye programu 30 za bure, anabofya mpaka mwisho, anachukua hela yake. Ndani ya furushi mna vivinjari vyenye viendelezi ambavyo yeye mwenyewe hajui vinafanya nini. Kisha anajiita mtaalamu wa kompyuta.

"BURE" NI NENO GHALI

Najua majibu ya wenye saiba, nimeyasikia.

"Wateja wanavitaka." Wateja wanataka PDF iwe Word. Hilo LibreOffice inafungua bila kiendelezi chochote, na kuhifadhi waraka kuwa PDF Chrome yenyewe inafanya ukienda kwenye kuchapisha. Wateja wanataka video. Sawa, iwepo kompyuta moja ya kazi hiyo, na mtu asijaze ritani hapo.

"VPN ni lazima, serikali hufunga mambo." Ni kweli hufunga. Telegram ilizibwa Kenya wakati wa mitihani ya kitaifa Novemba 2023. Uganda ilipoweka ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii Julai 2018, watu walikimbilia VPN kwa wingi. Silaumu mtu kwa kutafuta njia. Lakini VPN ina gharama ya seva na ya laini. Asiyekulipisha wewe kuna mwingine anamlipisha, na mara nyingi anachouza ni wewe. Kumkimbia mchunguzi wa serikali ukaangukia kwa mchunguzi usiyemjua hata jina si ukombozi.

"Ni vya bure, vina hasara gani?" PayPal ilinunua Honey, kiendelezi cha bure cha kutafuta kuponi, kwa takriban dola bilioni 4. Mapatano yalitangazwa Novemba 2019. Jiulizeni: kitu cha bure kinapata wapi thamani ya dola bilioni 4? Hakuna anayetoa fedha hizo kwa ajili ya kuponi.

"Saiba yangu ni ndogo, nani atahangaika nami?" Hakuna anayehangaika na wewe. Kiendelezi hakijui kama kiko Nairobi au Mkanyageni. Kinakusanya kwa wote, na kuchambua kunafanyika baadaye.

Na tusisahau sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu azilinde, na kijana wa zamu anayejaza fomu za watu siku nzima anashughulikia data za watu. Udogo wa biashara huenda ukakuondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna. Wajibu wa kulinda siri za mteja uko palepale.

Wala sisemi viendelezi vyote ni haramu. Kizuia matangazo ni kinga ya kweli, maana matangazo mengi ya uongo yanayoiga ofisi na benki huja kwa njia hiyo. FBI ya Marekani iliwashauri watu watumie vizuia matangazo Desemba 2022. Kwenye Firefox kuna uBlock Origin, na kwenye Chrome limebaki toleo lake jepesi. Kihifadhi maneno ya siri nacho ni kizuri, lakini kwenye kompyuta yako ya nyumbani, si ya saiba. Nyumbani kwako ni wewe unayeamua mgeni gani aingie ndani. Saiba ni nyumba ya watu wote, na hakuna mwenye haki ya kukaribisha mgeni kwa niaba ya wote.

NINI KIFANYIKE

Kwa mwenye saiba:

1. Fungua chrome://extensions kwenye kila kompyuta. Kwenye Firefox ni about:addons. Ondoa vyote. Usizime tu, ondoa.

2. Funga mlango. Chrome ina kanuni iitwayo ExtensionInstallBlocklist. Ukiipa alama ya nyota, hakuna anayeweza kusakinisha kiendelezi chochote, na unachokiruhusu unakiweka kwenye ExtensionInstallAllowlist. Firefox ina faili ya policies.json inayofanya kazi hiyohiyo. Ni kazi ya mchana mmoja. Fundi wako akisema haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

3. Wafungulie wateja kivinjari katika hali ya Mgeni. Hapo viendelezi havifanyi kazi, na dirisha likifungwa historia na kuki vinafutika.

4. Weka Chrome kwa Kiswahili. Kiswahili kimo ndani yake, hakina malipo. Onyo ambalo mteja hawezi kulisoma si onyo.

Kwa wewe mteja:

1. Kabla hujaandika PIN, omba hali ya Mgeni. Ukikataliwa, ondoka. Saiba ni nyingi.

2. Usikubali usawazishaji wa akaunti yako kwenye kompyuta isiyo yako.

3. Nyumbani, pitia viendelezi vyako leo. Usichokitumia mwezi mzima, ondoa. Unachokitumia, bofya maelezo yake na ubadilishe ruhusa: badala ya tovuti zote, chagua kifanye kazi pale unapokibofya tu, au kwenye tovuti unazozitaja. Chrome ina chaguo hilo tangu 2018, na wengi hawajawahi kulifungua.

Kwa waandishi wa programu wenzangu, na kwa ofisi za umma zinazotupa kazi:

Msimwombe mtu ruhusa ya tovuti zote kwa sababu mnaona uvivu kuorodhesha tovuti mbili. Ipo ruhusa ya activeTab, inayogusa kichupo kimoja tu, tena pale mtumiaji anapobofya. Itumieni. Na bora zaidi, jengeni tovuti isiyohitaji kuchomekewa kitu chochote. Vivinjari vya leo vinacheza video, vinasoma PDF, vinachora na kukagua fomu bila msaada. Anayemwambia mwananchi "sakinisha hiki kwanza" anamrudisha kwenye Flash, na yaliyowapata Afrika Kusini tumeyaona.

Mimi nimesema. Mwenye saiba, ndugu yangu, wewe ndiye unayekaa na siri za mtaa mzima. Watu wanakuamini kuliko wanavyoiamini seva yoyote ya Nairobi, kwa sababu wanakujua, wanajua watoto wako wanasoma wapi, wanasali nawe msikiti mmoja. Kesho asubuhi ukifungua mlango, kabla hujawasha printa, anza na kompyuta ya kwanza karibu na kaunta. Fungua ukurasa wa viendelezi, na kila usichoweza kunieleza kinafanya nini na nani alikiweka, kitoe.